Mkono Mmoja Kutoka kwenye Mabanzi

Kifua cha mama yangu nilikuwa nakipima kwa simu. Yeye anakaa Chamazi, mimi nashona nguo Kinondoni, na katikati yetu kuna mji mzima wa foleni, kwa hiyo habari zake nyingi zinanifikia kwa sikio. Zamani aliweza kunisimulia msiba wa jirani, kuanzia kuugua mpaka kurudisha sufuria za kuazima, bila kutua. Kisha kikohozi kikaanza kumkatisha. Mwanzoni alikohoa baada ya kumaliza habari, halafu katikati ya habari, halafu ikafika siku nikamwamkia, akasema "Marahaba, mwana..." na neno halikuisha. Nikaweka mkasi chini nikasubiri. Alikohoa mpaka mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu akanipa pole.

Nikampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimsikiliza mgongoni muda mrefu kisha akamwuliza kama anavuta sigara. Mama akasema yeye havuti, jiko ndilo linalovuta, yeye anakaa nalo tu. Daktari hakucheka. Alimwambia kwa adabu kabisa kwamba moshi ule auache, kwa sababu akiendelea nao kifua kitafika mahali ambapo dawa hazitakifikia.

Mimi ni mtu wa papara. Baba alikuwa akisema nilizaliwa kabla maji ya mkunga hayajachemka. Tulipotoka pale nilikuwa nimeshapanga kila kitu: mama anahamia kwangu, analala na wajukuu zake, anapikia gesi kama watu wengine. Ya gesi nilikuwa nimeianza mapema. Mwaka mmoja nyuma nilimnunulia mtungi na jiko lake, na nilipokwenda kumtembelea nikaukuta mtungi umesimama sebuleni, umevishwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki. Nilinuna siku nzima.

"Sihami," akasema mama siku ile ya hospitali. "Nitengenezee bomba la moshi. Moshi ukitoka, mie nabaki kwangu. Ukigoma kutoka, nafunga virago mwenyewe na hutanisikia nanung'unika."

Mama hana tabia ya kusema kitu halafu akakigeuza. Nikakubali. Niseme ukweli, nilikubali kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu uliamini bomba litashindwa.

Jiko lake liko uani. Baba ndiye aliyelijenga, na baba hakuwa mjenzi, alikuwa mchongaji. Watu wetu ni wa kusini, na yeye alikuja Dar na tezo lake la kuchongea kwenye mfuko wa rambo, akachonga mpingo chini ya kibanda cha uani mpaka mwisho wa maisha yake, miaka mitatu iliyopita. Jiko alilijenga kwa mabanzi, zile mbao za maganda ambazo mashine ya kupasulia magogo inazitupa, na juu akaweka mirunda, miti myembamba ya kuezekea, na bati. Kila banzi alilipiga randa upande wa ndani, eti mke wake asichomwe na vibanzi. Kwa nje ni kibanda tu. Kwa ndani, chini ya masizi, ukipitisha kiganja utadhani umeshika meza.

Fundi bati nilimpata Vingunguti, kwenye mtaa ambao nyundo zake unazisikia kabla hujaufikia. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Nikamweleza shida, nikamwambia na wazo langu: nyumbani kwangu kulikuwa na bomba la plastiki lililobaki fundi wa choo alipomaliza kazi, je, si linafaa?

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sista, hilo ukiliweka juu ya moto litalala kama tambi. Mama yako atakula plastiki mwaka mzima."

Nikamwonyesha bomba jingine, lenye kung'aa, lililoning'inia mlangoni. Akatikisa kichwa. Hilo lilikuwa la mfereji wa mvua, bati jembamba lililopakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke wake mwenyewe, mbaya kuliko moshi tuliokuwa tunaukimbia. Alichonishauri kilikuwa shiti nyeusi ya chuma, nzito, isiyo na urembo wowote. Akanipa niishike. Kisha akavuta kitu kingine kutoka chini ya meza, bomba lililokuwa ndani ya bomba, na katikati yao nafasi ya vidole viwili.

"Hili tunaita la ngozi mbili," akasema. "La ndani linaungua, hewa inakaa katikati, la nje linabaki na akili zake. Panapopita kwenye paa, weka hili. Lakini nipe wiki mbili, nina sufuria za shule hapa."

Wiki mbili! Nikamwambia anitengenezee la shiti nyeusi, la ngozi moja, nitalichukua keshokutwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Sawa. Ila nisikilize. Kipande cha juu kinaingia ndani ya cha chini, usigeuze, ili lami ya masizi ikitiririka irudi motoni. Halafu nafasi. Bomba la ngozi moja, acha mkono mmoja mpaka kwenye kitu chochote kinachoweza kuungua. Mkono wa mtu mzima, kiwiko mpaka ncha ya kidole, inchi kumi na nane. La ngozi mbili, shibiri inatosha. Mama anapikia kuni gani?"

"Kuni tu. Za mwembe, mkorosho, zozote."

"Kwao wapi?"

Nilipomtajia kabila akapiga makofi. Kumbe tulikuwa watani, watu wake na watu wangu, na kuanzia hapo sikupata nafasi ya kupumua. Alisema sisi tunachonga mashetani mchana kutwa halafu tunaogopa moshi. Mimi nikamwambia wao wamezoea moshi kwa sababu hawana cha kuweka kwenye sufuria. Tulitukanana vizuri, nikaondoka nimefurahi, na sikioni mwangu limebaki neno moja tu katika yote aliyonifundisha: shibiri inatosha.

Ndivyo nilivyofanya. Nilichukua bomba la ngozi moja nikalipimia nafasi ya ngozi mbili. Mama alikandika jiko la tofali za kuchoma, likafungwa juu, akaacha tundu la bomba upande wa nyuma, karibu na mabanzi. Jirani anayeezeka nyumba akatoboa bati. Mrunda mmoja wa paa ulikuwa karibu sana na tundu, na kuuhamisha kungetaka siku nzima na mbao mpya. Nikapanda kwenye kiti, nikatanua vidole, gumba mpaka kidole cha mwisho. Shibiri. Nikamwambia jirani afunge kazi. Mimi, ninayempimia mtu suruali mara mbili kabla ya kukata, na futikamba ilikuwa shingoni mwangu saa hiyohiyo.

Moto ulipowashwa, moshi ulihangaika kidogo kwenye mdomo wa jiko, kisha ukavutwa ndani ukapotea. Mama akatoka nje kuutazama ukitokea juu ya paa. Akarudi ndani, akatoka tena. Aliwaita majirani, akasimama mlangoni akiwapisha mmojammoja waingie wakavute pumzi. Wiki ile alinipigia simu akanisimulia ugomvi wa watu wa nyumba ya pili, mwanzo mpaka mwisho, na alikohoa mara moja tu. Nilifurahi. Na humo ndani ya furaha, nikajisikia nimekosa kitu, kwa sababu chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi.

Mvua zikaanza. Tundu la bati lilikuwa pana kuliko bomba, na maji yakawa yanadondoka juu ya jiko. Mama hakuniambia. Mama anaziba mwenyewe. Kila nikienda kwake namchukulia mabaki ya vitambaa, vipande vya vitenge na pamba ambavyo haviwezi kutoa hata kola, naye anavitumia kwa kila kitu, kushikia sufuria, kuzibia dirisha, kujazia mto. Akavisokota vile vipande, akavishindilia kuzunguka bomba pale juu, mvua ikakoma kuingia.

Nilifika Jumapili moja, saa kumi alasiri, bila kumwarifu. Nilipoingia tu uani nikasikia harufu ya pamba inayoungua. Harufu hiyo naijua kuliko manukato, pasi imenifundisha. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi, ametulia, na juu ya kichwa chake kitenge changu cha maua kilikuwa kinafuka.

Nilipiga kelele ambazo mtu mzima hapaswi kupiga. Mama akatazama juu, akaweka kikombe chini pasipo kumwaga, akachukua mpini wa jembe akavichokoa vile vitambaa vikaanguka sakafuni vinawaka, akavimwagia maji aliyokuwa ameoshea mchele. Ikaisha. Mimi bado nilikuwa napiga kelele.

Nilipanda kwenye kiti. Ule mrunda ulikuwa mweusi upande mzima, na nilipoukwaruza ukucha ukazama kwenye mkaa. Haukuwa umeungua siku ile tu. Ulikuwa unaungua kidogokidogo kila siku, kimya kimya, tangu siku niliyosema shibiri inatosha. Nikatazama chini. Pale bomba linapotokea kwenye jiko, chuma kilikuwa chekundu. Kuni za mwembe hazifanyi hivyo, lakini wakati huo sikuwa na akili ya kuuliza.

Nilimfokea mama yangu. Nilimwambia angekufa, angekufa kwa ukaidi, na kwamba nimechoka kukaa Kinondoni nasubiri simu ya jirani. Niliyasema hayo yote nikiwa juu ya kiti. Kosa lilikuwa langu na nilikuwa nalijua, na ndiyo maana sauti ilikuwa kubwa.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Tulikubaliana," akaenda ndani kufunga virago.

Nilimfuata nikiwa nimeshaanza kuona aibu. Nilidhani atatoa kwanza kanga zake. Badala yake aliinama mvunguni akavuta gunia, akashindwa kulinyanyua, akaniomba nimsaidie. Lilikuwa limejaa nusu tu, lakini lilikuwa zito ajabu. Nikalifungua.

Ulikuwa mpingo. Vipande vya kazi za baba zilizoharibika na mabaki ya chini ya tezo. Kulikuwa na kidole gumba, na kisogo kilichopasuka, na sikio la mtu ambaye hakumaliziwa.

"Mama, unapikia hivi?"

"Sipikii. Nachemshia chai."

"Kila siku?"

"Kimoja tu. Saa kumi."

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya baba kuweka tezo chini. Utoto wangu wote, saa kumi alikuwa akiokota mabaki ya kazi ya siku ile, anayapeleka jikoni, wanakaa wawili pale moshini na chai ya rangi yenye mchaichai mpaka birika inakwisha. Sisi watoto tulikatazwa kuingia. Tulidhani wanazungumza habari za kututafutia ada.

"Nilikuwa nakwambia sitaki gesi, unaona mama mshamba," akasema. Alikuwa anakunja kanga moja ileile mara ya tatu. "Kwako pazuri. Pana feni, pana wajukuu. Ila hivi vyake nitavichomea wapi, mwanangu? Nivitupe?"

Nikakaa juu ya gunia nikalia. Nilimlilia baba, nikamlilia na mama, na nikajililia mimi niliyepaka chumba rangi bila kumwuliza mtu anaacha nini nyuma. Mama akanipigapiga mgongoni, akakohoa kidogo, akasema chai inapoa.

Kesho yake asubuhi nilimpigia fundi simu. Nilimweleza yote, pamoja na shibiri. Akasema taratibu, "Sista, si uliniambia kuni tu? Mpingo huo. Mpingo unatoboa sufuria." Aliacha sufuria za shule, akaja Chamazi siku ya tatu na bomba la ngozi mbili begani.

"Shikamoo, mtani," akamwambia mama mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kutucheka?"

"Nilikuja kuwazika, nakuta mnakunywa chai. Nimepoteza nauli."

Mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa baba. Fundi akaingia jikoni, akautazama mrunda ulioungua, akanitazama mimi juu ya miwani, na hilo lilinichoma. Alipoonyeshwa gunia aliokota lile sikio, akaligeuza mkononi, akalirudisha mahali pake. Hakuleta utani hapo.

Walifanya kazi kutwa, yeye na yule jirani. Mrunda ulioungua ukatolewa, mpya ukawekwa mbali. Tundu la bati likapitishiwa lile la ngozi mbili, na badala ya vitambaa akalivisha kipande cha bati kilichokatwa kama sketi, maji yateleze juu yake, na juu kabisa kofia. Kisha likabaki jiko lenyewe. Chini kungebaki bomba la shiti nyeusi la ngozi moja, na kwa hiyo jiko ilibidi livunjwe lijengwe upya, lisogezwe mbali na mabanzi. Mama alisema mabanzi yasiguswe. Fundi akasema hayataguswa, ila wayape nafasi yao.

Alikuwa juu ya ngazi, ameshika bomba kwa mikono miwili lisimame wima mpaka jirani alifunge juu.

"Sista! Pima hapo chini. Mkono mmoja, kutoka kwenye mabanzi mpaka kwenye bomba."

Nikaegemeza kiwiko kwenye banzi, nikanyoosha mkono, nikanyoosha vidole. Ncha ya kidole cha kati ikagusa chuma.

"Umefika!" nikasema.

"Haujafika," akasema mama.

Alikuwa kwenye kigoda chake, nyuma yangu, anachambua mchele.

"Mama, nimegusa kabisa."

"Wako mfupi. Wake ulikuzidi vidole viwili. Sogeza bomba."

Fundi akachungulia kutoka juu. "Mkono wa nani, mtani?"

"Wa mwenye jiko."

"Na wewe umejuaje kipimo chake? Ulikuwa unampima?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Nimeulalia miaka thelathini na moja, nisiujue?"

Mbele ya mtu mwingine asingelisema neno lile, wala mimi nisingeweza kubaki mle ndani. Lakini mtani ni mtani. Fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika, jirani akapiga bati kwa nyundo, na mimi nikakodolea macho ukuta, mtu mzima na watoto wangu, nimeona haya kama mwari. Kisha nikaongeza vidole viwili vya mkono wa kushoto mbele ya ule wa kulia, fundi akasogeza bomba, tukaweka alama.

Aliposhuka alitoa tepu ya chuma mfukoni akapima, kwa sababu fundi ni fundi. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akasoma tena.

"Kumi na nane," akasema. "Kamili."

Akairudisha tepu mfukoni, akamwendea mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili jinsi tunavyomshika mfiwa. Mama akamwambia asijitie huruma, akanawe ale.

Mimi kazi yangu ni kupima watu. Kwenye daftari langu la wateja baba yumo, kwa sababu mashati yake nilimshonea mimi: mabega, kifua, shingo, urefu wa mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo. Nilirudi Kinondoni nikaufungua ukurasa wake nikatafuta. Kiwiko mpaka ncha ya kidole hakimo. Hakuna nguo inayoishia hapo.

Chumba nilichokipaka rangi watoto wamekigeuza mahali pa kuchezea. Mama amebaki kwake. Kila mwezi naenda kuligonga bomba ili masizi yadondoke, na kila nikifika ananisimamisha kwanza kwenye mabanzi niweke kiwiko, nione kama kuna kitu kimesogea. Hakijawahi kusogea, ila naweka. Halafu tunakunywa chai ya saa kumi, sisi wawili, na siku hizi naruhusiwa kuingia.

Juzi alinipigia simu nikiwa kazini. Alianza na harusi ya mtaa wa nyuma: sare zilizochelewa, mama mkwe aliyenuna, pilau lililoisha mapema, mwimbaji aliyelewa. Nilikuwa nimeweka mkasi chini kwa mazoea, nasubiri. Alieleza yote mpaka bwana harusi akalala kwenye gari, na hakukohoa.

"Leo nimechoma cha mwisho," akasema. "Lile sikio."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Usinyamaze, mie nipo. Bomba linavuta vizuri. Kesho nitawasha mkorosho, chai ni chai."

Tulipokata simu mteja alikuwa ananisubiri na kitambaa chake. Nikamwomba dakika moja. Niliegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza ya kukatia, nikanyoosha mkono wa kulia, nikanyoosha vidole, nikaleta vidole viwili vya mkono wa kushoto nikavilaza mbele. Nikachukua chaki ya kukatia, nikaweka alama kwenye mbao.